Saa Iliyovaliwa Kabatini

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Fatu binti Mwinyijuma, mwezi wa Rajabu mwaka 2023, uani kwa wifi yake Arafa, mtaa wa Dunda, Bagamoyo, walipokuwa wakipeta mchele. Alisimulia mara moja. Arafa alipomwomba arudie, alisema, "Nimeshaitoa, wifi. Usinirudishie."

Ilianza na saa kutosimama.

Mrisho, mume wa Fatu, anauza vipuri vya bajaji na pikipiki karibu na stendi. Ramadhani ya mwaka 2022 aliungua mkono wa kushoto kwa bomba la moshi la pikipiki. Mkono ukafungwa bandeji, naye akaivua saa yake akaiweka kabatini, ndani ya kisanduku chake, chini ya mashuka. Ilikuwa saa ya Kiswisi isiyotumia betri, inayojijaza kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Muuzaji alimweleza wazi kwamba akiivua, baada ya siku mbili tatu itasimama, na asishtuke. Kidonda kilikawia kupona. Siku ya Idi, Mrisho alipofungua kisanduku, alikuta mshale wa sekunde unatembea na saa inakwenda sawasawa na simu yake.

"Umekuwa ukiivaa saa yangu?" alimwuliza mkewe.

"Kwa mkono wangu huu? Si itanifika kwenye kiwiko!" Fatu akacheka. "Labda mashuka yana homa, yanaitikisa."

Mrisho naye alicheka. Lakini alipoishika aliona chuma kina joto, joto la kitu kilichovuliwa mkononi sasa hivi, na upande wa ndani wa mkanda ulikuwa na unyevu wa jasho.

Saa hiyo aliinunua Dubai mwezi wa Januari. Hakuwa mtu wa saa za namna ile. Alipelekwa na kaka yake, Abdulwahab, mwenye malori na nyumba ya wageni pale Msata, ambamo pia anaishi, aliyemlipia tiketi na kusema ni shukrani, kwa kuwa Mrisho na Fatu ndio waliomuuguza mama yao mpaka akafa, wakati yeye yuko barabarani anatafuta. Siku ya mwisho kabla ya kurudi, Abdulwahab alimwingiza kwenye duka dogo huko Deira, nyuma ya soko la dhahabu, linalouza saa zilizokwisha kuvaliwa zikasafishwa hadi zikang'aa. Saa zilikuwa nyingi chini ya kioo. Abdulwahab hakuzitazama nyingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye moja yenye uso wa buluu.

"Hii ndiyo yako. Ivae."

"Kaka, hii si ya muuza plagi. Wateja watasema nimewaibia."

"Waache waseme. Mwanamume gani wa kutembea mkono mtupu?"

Abdulwahab alilipa karibu bei yote. Kidogo kilichobaki alimtaka Mrisho akitoe mwenyewe. "Toa mfukoni mwako. Kitu cha kupewa mtu hakithamini. Na useme kwa mdomo wako kwamba umenunua kwa ridhaa yako."

Mrisho hakuona ajabu. Tangu chuo cha Kurani walifundishwa kwamba biashara ni kuridhiana. Akatoa, akasema. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba kaka yake hakuigusa saa ile hata mara moja, na kwamba muuzaji alipomnyooshea aliificha mikono yake nyuma, akasema viganja vyake vina jasho.

Walipofika nyumbani, Abdulwahab alimpigia simu Fatu. "Shemeji, saa ile imetoka mbali. Ifukize kabla mumeo hajaivaa hapo."

Hakuwa na haja ya kusema. Katika nyumba zao kitu cha thamani kilichotoka ugenini, kiwe kanzu, kiwe kitanda, hakitumiki kabla ya kufukizwa. Fatu alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi mzuri aliokuwa ameutunza, akaizungusha saa katika moshi magharibi ikiingia, akasema maneno ambayo mama yake naye aliyasema, "Karibu, ukae nasi kwa heri."

Baada ya Idi ile, harufu ya udi ilianza kusikika nyakati ambazo hakuna aliyewasha chetezo. Ilikuja mchana, Fatu akiwa anakuna nazi. Ilitoka upande wa chumbani, na chini yake palikuwa na harufu nyingine, kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Kisha ikaja sauti, ndogo, ya kifungo cha mkanda wa chuma kinachofunguliwa na kufungwa, tak, tak, kama mtu anayejaribu saa dukani na hajaridhika.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Adila, wa miaka tisa, msemaji, mwenye kumjibu kila mtu hadi wauza samaki. Alianza kuacha chakula. Siku moja, akisukwa nywele, aliuliza kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake:

"Mama, yule mgeni wa baba haondoki?"

"Mgeni gani?"

"Anayekaa kabatini. Akimaliza kuvaa saa ananipimia na mimi."

Fatu akaacha kusuka. "Anakupimia wapi?"

Adila alinyoosha mkono wa kushoto. Kwenye kifundo palikuwa na alama ya mkanda wa chuma, vipande vyake vyote vikionekana, vimezama ndani ya ngozi kama mtu aliyelala na bangili. "Anasema bado inapwaya," alisema. "Anasema atapanda mpaka aone pa kubana."

Hospitali walipima damu, wakapima mkojo, wakapiga picha ya kifua. Hawakuona ugonjwa. Walimpa dawa ya kuongeza hamu ya kula. Alama ikapanda, ikawa katikati ya mkono, na kila ilipopanda, sehemu iliyoiacha nyuma ilibaki nyembamba na baridi.

Aliyefumbua jambo lile alikuwa Ishaka, mtoto wa Abdulwahab. Kijana huyu alikuwa na miaka kumi na tisa, naye alimwita Fatu mama, kwa haki. Mama yake mzazi alifariki siku chache baada ya kumzaa. Wiki ileile Fatu alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza na maziwa yamemjaa, akaletewa Ishaka akamnyonyesha mpaka akaota meno na kutembea. Alikuja kumwona Adila na kikapu cha machungwa, akaonyeshwa alama. Akaiona saa juu ya meza.

"Ba'mdogo, baba amekupa saa yake?"

"Hiyo ni yangu. Niliinunua Dubai, baba yako akiwepo."

Ishaka akaigeuza. "Hii ni ya baba. Tazama hapa kwenye kifungo, nilipachokonoa kwa bisibisi nilipokuwa mdogo. Kipigo cha siku ile sikisahau. Mwaka jana alisema ameipeleka Dubai kutengenezwa." Alitabasamu, kisha akawatazama nyuso zao, na tabasamu likamtoka.

Adila, kutoka kitandani, alisema, "Kaka Ishaka, na wewe anakujua."

Siku iliyofuata walimpeleka mtoto Mlingotini kwa Mwalimu Bwanausi, anayefundisha chuo na kutibu kwa kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, akamnywesha Adila. Mtoto akatapika maji meusi yenye harufu ya udi. Mwalimu aliuliza saa ilivyopatikana, akaelezwa yote.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Mmoja wenu amemnunua kwa ridhaa. Mwingine amemfukizia na kumkaribisha. Mimi nimwambie nini, atoke nyumbani kwake?"

"Tuitupe baharini, Mwalimu," alisema Mrisho.

"Utatupa chuma. Yeye atabaki, na hasira juu."

"Anataka nini?" Fatu alinong'ona.

"Majini ya mali yana desturi hiyo. Huchukua mtoto mmoja wa nyumba, halafu hutulia miaka, yakaleta riziki. Kisha hudai tena. Alama ikifika begani, msije kwangu." Akawafunulia njia moja tu. Mikono iliyomkaribisha imrudishe kwenye nyumba alikotolewa, imfukizie huko, ndani ya kizingiti. Akishaingia kule, huku hatakuwa na njia.

"Lakini kule nako kuna mtoto," alisema Fatu.

Mwalimu alifunika kidau cha zafarani. "Hilo sikuliuliza, bibi. Nami nisiulizwe."

Mrisho alikwenda Msata akiwa bado na tumaini. Alimkuta Abdulwahab nyuma ya nyumba ya wageni, malori yakinguruma barabarani.

"Kaka, rudi nyumbani uichukue. Wewe ndiye uliyeileta."

"Punguza sauti. Wafanyakazi wanasikia."

"Ulijua?"

Abdulwahab alitazama ukuta. "Nilipoipokea sikujua kitu. Nikajua Samia alipokufa." Samia alikuwa binti yake mkubwa, aliyefariki mwaka ule malori yalipoanza kuongezeka. "Kisha akaja kumdai Ishaka. Nimebakiwa na huyo tu, Mrisho."

"Na mimi nina mmoja tu."

"Fatu bado ana nguvu. Mtazaa."

Mrisho alisema, "Tulikutunzia mama. Alikufa kwenye mapaja ya Fatu, anakuita wewe. Watu wote wa dunia hii, ukanichagua mimi?"

"Nilikuchagua kwa sababu usingeuliza," alisema kaka yake. "Hujawahi kuniuliza kitu tangu tukiwa wadogo. Nikikuambia vaa, unavaa."

Kesho yake Abdulwahab alipanda lori kwenda Arusha. Alimwachia Ishaka nyumba ya wageni, na mlinzi akapewa amri kwamba Mrisho asipite geti.

Alama ilivuka kiwiko. Adila hakuwa akisema tena. Fatu hakumwambia mumewe. Aliifunga saa kwenye kitambaa, akaitia kwenye mkoba pamoja na chetezo, makaa na udi uleule, akapanda basi la Msata. Katika njia nzima mkoba ulikuwa mzito mapajani kama mtoto aliyelala.

Mlinzi alimzuia. Ishaka akatokea mlangoni. "Mpishe, huyo ni mama yangu," alisema. "Shikamoo, mama." Fatu akapita, macho yake chini. Kijana akamkalisha sebuleni, akafurahi kama anavyofurahi kila mara, akaenda jikoni kumpikia chai.

Jua lilikuwa linazama. Fatu alipiga magoti ndani ya kizingiti, akawasha makaa, akatia udi, akafungua kitambaa. Na moshi, badala ya kupanda, ukatambaa sakafuni ukielekea ndani ya nyumba kama mwenyeji anayejua vyumba vyake, na saa ikaanza kuwa ya moto mkononi mwake, na kifungo kikafunguka chenyewe, tak, kikafungika, tak, na harufu ya mbuzi aliyelowa ikamjaa kooni hata akashindwa kuyatoa maneno, akayatoa kwa kuyasukuma moja moja, karibu, ukae, kwa heri, huku machozi yakidondokea makaa na kulia chii, na mara uzito wote ukamtoka mikononi, ukapita kando ya shavu lake kama upindo wa nguo ya mtu anayeingia kwa haraka, na saa ikabaki kipande cha chuma baridi, na mshale wake wa sekunde ukasimama, na huko ndani, upande wa jikoni, kikombe kikaanguka.

Alipoinua kichwa, Ishaka alikuwa amesimama na sinia la chai, kikombe kimoja. Hakuonekana kushangaa. Alikitazama chetezo, akaitazama saa, akamtazama yeye.

"Mama," alisema, "leo hukuniitikia shikamoo."

Fatu akaanza kukikunja kile kitambaa.

"Alama ya Adila imefika wapi?"

Fatu akajigusa mkono, juu ya kiwiko, karibu na bega.

Kijana akatikisa kichwa polepole. Aliweka sinia mezani kwa uangalifu, chai isimwagike. "Ungeniambia tu," alisema. "Baba hakumwambia ba'mdogo, na wewe hukuniambia mimi. Ungeniambia, mama, ningekushikia mlango." Kisha, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemhimiza mgeni asichelewe, "Nenda. Basi la mwisho halingoji."

Fatu alitoka. Hakugeuka, lakini kioo cha dirisha kilimwonyesha Ishaka amesimama palepale katika moshi, akijisugua kifundo cha mkono wa kushoto.

Alipofika Dunda usiku ule, alimkuta Adila ameketi kitandani anaomba uji.

Yaliyoandikwa hapa ni yale Fatu aliyoyasema, hakuna lililoongezwa. Kati ya waliotajwa, hii ndiyo hali yao hadi mwezi wa Agosti mwaka 2024. Mwalimu Bwanausi yu hai, ingawa macho yamepungua. Arafa yu hai. Mrisho yu hai; hakuelezwa kilichofanyika Msata mpaka baada ya mazishi, na tangu hapo analala dukani. Adila yu hai, yuko darasa la tano. Fatu yu hai. Ishaka bin Abdulwahab alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 2022, akazikwa Msata kando ya dada yake Samia, na aliyemnyonyesha hakwenda kumzika. Abdulwahab yu hai na ana malori mengi kuliko zamani. Ameoa tena. Mkewe mpya yu hai, na ana mimba.