Sauti ya Pili

Yotham, rafiki yangu wa siku nyingi, anafundisha kwaya Chamwino. Devota, mtunzi wa kwaya hiyo na mwimbaji wake wa sauti ya pili, alipozidiwa na ugonjwa alimkabidhi daftari lake la nyimbo.

"Zichapwe kwa jina langu," alimsihi.

Yotham akaapa. Lakini Devota alipozikwa, Yotham alizichapa nota kwenye kompyuta, na mahali pa mtunzi akaandika jina lake mwenyewe.

Mchana mmoja wingu la mvua lilitanda, chumba kikawa giza. Yotham aliamuru kompyuta iupige wimbo wa mwisho, asikie kama kuna nota aliyoikosea. Sauti zote nne zilikwenda sawa, ila ile ya pili, kila mwisho wa mstari, ilivuta pumzi.

Akaizima sauti ya pili, akarudia. Zile tatu zikanyamaza, ya pili ikabaki peke yake.

"Baba Neema, nani anaimba humo ndani?" mkewe aliuliza kutoka uani.

"Ni kompyuta tu."

"Kompyuta gani inahema?"

Yotham akachomoa waya, akatoa na betri. Wimbo ukaendelea, sasa karibu kabisa na sikio lake, kwa hasira, kama wa mtu aliyeuma meno. Alipofumbua kinywa aombe msamaha, ukakatika ghafla.

Jumapili alisimama mbele ya kwaya kuwapa sauti ya kuanzia. Akafumbua kinywa. Waimbaji wote wakamsikia Devota, ndani ya koo la Yotham, akivuta pumzi ndefu, tayari kuanza.