Kabla Hujabofya Ndiyo

Kila Jumamosi kazi za Chiriku zilikuwa zile zile. Kwanza kuosha vyombo, kisha kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama, kisha kuokota pini sakafuni, maana mdogo wake alikuwa ameanza kutambaa na kila alichokiona alikipeleka kinywani. Akimaliza, ndipo aruhusiwe kukaa kwenye kompyuta kuukuu waliyopewa na mjomba. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Jumamosi hii mama alikuwa na haraka. Kwa miezi mingi alikuwa akienda darasa la jioni la ushonaji, na leo wanafunzi wangeonyesha kazi zao za mwisho. Kazi ya mama ilikuwa michoro ya sare za shule: sketi, suruali, mashati na makoti, kila kipande na vipimo vyake, yote ameichora kwa kompyuta za darasani. Bila kazi hiyo hakuna cheti, na bila cheti kiwanda cha nguo kisingemwita kazini. Michoro ilikuwa kwenye flashi nyekundu, ndani ya kopo la vifungo.

"Hiyo usiiguse," mama alisema, akimbeba mtoto mgongoni. "Napeleka gauni kwa jirani, narudi sasa hivi."

Mama alipotoka tu, kichwa kikachomoza dirishani. Kilikuwa cha Profesa, mwanafunzi mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alivaa miwani na hakuwahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua.

"Zile nyimbo za mazoezi ya kwaya ziko wapi?" akauliza.

"Sina flashi."

"Na ile nyekundu?"

"Ya mama. Amenikataza."

"Kwani nyimbo zitaila? Weka, tusikilize kwetu, nikurudishie kabla hajafika."

Chiriku alitazama mlango, akatazama kopo. Moyo ulimwambia hapana, mkono ukasema ndiyo. Akaichomeka flashi kwenye kompyuta.

Ujumbe ukatokea katikati ya kioo: flashi hii ni lazima ifomatiwe kabla haijatumika. Je, unataka kuifomati?

"Kufomati ni nini?" Chiriku akauliza.

"Ni kama kuisalimia," alijibu Profesa bila kupepesa. "Bofya Ndiyo. Mimi kwetu nabofya Ndiyo kila kitu."

"Ndiyo maana yenu haiwaki."

"Utabofya au hubofyi?"

Akabofya. Ujumbe wa pili ukaja, wenye maneno mengi na alama ya onyo. Hakuusoma, akabofya tena. Flashi ikafunguka, nyeupe pee. Akavuta wimbo mmoja hadi ndani, na ndipo alipotazama vizuri. Mle ndani mlikuwa na wimbo ule tu.

"Profesa, michoro ya mama iko wapi?"

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sikiliza. Maji yakimwagika hayazoleki. Irudishe koponi. Akiichomeka kule darasani, atasema imekufa njiani. Flashi hufa kila siku. Na mimi sikuwepo hapa."

Ndala za mama zikasikika uani. Dirisha likabaki tupu.

Mama alirudi na uso wa furaha. Alimweka mtoto chini, akachomeka pasi, akaanza kunyoosha blauzi yake nzuri huku akijifanyia mazoezi ya hotuba. "Mwalimu wetu, wanafunzi wenzangu, sare niliyoichora inaweza kuachiwa upindo mtoto anapokua…" Mtoto akapiga makofi. Mama akacheka. "Umeona? Huyu ameshanipa cheti. Na wewe Chiriku, umemeza pini? Tangu nimeingia sijasikia hata neno."

"Naumwa kichwa," Chiriku alisema.

Mama alimshika paji la uso kwa kiganja chenye joto la pasi. "Huna homa. Pumzika mwanangu." Kisha akafungua kopo, akatoa flashi nyekundu, akaifuta kwa ncha ya kanga na kuitia mkobani. Zipu ikafungwa.

Chiriku alimwona mama yake, katika mawazo, amesimama mbele ya darasa zima na blauzi ile iliyonyooshwa. Anachomeka flashi. Watu wanangoja. Badala ya sare, kinatokea kijiwimbo cha watoto, na mama hajui atazame wapi.

"Mama, nimefuta kazi yako."

Mama alicheka kwanza, akidhani ni utani. Alipoyaona machozi, kicheko kikakatika. Chiriku alieleza yote, hata maneno ya Profesa, hata ule uongo wa kichwa. Mama aliketi polepole kwenye kigoda cha cherehani.

"Nilikwambia nini nilipotoka?"

"Nisiiguse."

"Nilikwambia." Mama alifumba macho, akayafumbua. "Mbebe mdogo wako. Twende kwa fundi wa kompyuta kabla hajafunga."

Walimkuta fundi amekwisha shusha nusu ya mlango wa kibanda chake. "Karibu, fundi mwenzangu," alisema, kisha akauona uso wa mama. "Kuna nini, dada?"

Mama alieleza. Fundi aliishika flashi bila kuichomeka. "Baada ya kufomatiwa, kuna kitu kiliwekwa ndani?"

Mama alimgeukia Chiriku.

"Wimbo mmoja," Chiriku alisema. "Nilitaka kuweka mingine, nikaacha."

"Heri uliacha, na heri umesema. Kufomati kwa haraka namna hii ni kama kung'oa vibao vya majina milangoni. Vyumba vinabaki na vyombo vyake, ila kompyuta inadhani ni vitupu. Ukileta mpangaji mpya, ndipo vya zamani vinatupwa nje. Kama mngeendelea kuitumia flashi hii, ningewapa pole tu."

Alichomeka flashi na kuwasha programu ya kutafuta faili zilizopotea. Mstari wa kijani ulianza kutambaa kwenye kioo, taratibu kuliko konokono. Mama alisokota ncha ya kanga yake. Chiriku alimbembeleza mtoto, macho yake hayaondoki kwenye mstari.

"Lakini kwa nini iligoma kufunguka kwetu?" mama aliuliza. "Darasani inafunguka vizuri."

"Kompyuta za darasani kwenu zinatumia mfumo endeshi wa Mac. Ya kwenu nyumbani ni Windows. Flashi iliandaliwa kwa mpangilio wa Mac, Windows ikashindwa kuusoma, ikadhani ni flashi isiyo na kitu. Haikuwa mbovu. Ujumbe ule ukitokea, bofya Hapana, uichomoe, uipeleke kwenye kompyuta inayoijua."

Mstari ukafika mwisho. Faili zikajipanga, lakini majina yote yalikuwa yamepotea, zimebaki namba tu. Ikabidi wazifungue moja moja. "Sketi, mbele," mama alitaja. "Mfuko wa shati. Suruali, nyuma." Chiriku aliandika majina mapya. Walipomaliza, mama alihesabu na kuhesabu tena.

"Mkono wa koti haupo."

"Huo ndio uliokaliwa na wimbo," fundi alisema kwa upole. "Haurudi."

Chiriku aliinamisha kichwa. Mama alivuta pumzi ndefu. "Mkono wa koti naujua hata nikiwa usingizini. Nitawahi darasani, niuchore upya kabla zamu yangu haijafika."

Fundi aliihifadhi michoro kwenye flashi nyingine, aliyoiandaa kwa mpangilio wa exFAT, unaosomwa na Mac na Windows zote. Nakala ya pili aliiacha kwenye kompyuta yake mpaka mama aseme ifutwe.

Chiriku alimsubiri mama kwa jirani, mtoto amelala mapajani. Kila mlio wa ndala ulimfanya ainuke. Hatimaye mama aliingia, blauzi imejikunja, macho yamechoka kwa kutazama kioo.

"Nimefaulu," alisema. "Mkono wa koti niliumaliza jina langu likiitwa."

Chiriku alilia kama aliyeambiwa amefeli. Mama aliketi kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilikosea kuweka jasho la miezi yote mahali pamoja. Wewe ulikosea kugusa ulichokatazwa, na kujibu swali ambalo hukulisoma. Kwa hiyo wiki hii kompyuta utaiangalia kwa mbali. Lakini ungenyamaza leo, ningeenda kuaibika, na fundi asingekuwa na la kufanya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa lako lilipona kwa sababu ulilisema likiwa bado bichi."

Alimfuta machozi kwa kanga. "Sasa mlete huyo Profesa wako kesho. Nataka anieleze jinsi flashi inavyosalimiwa."