Kufuli la Kituo cha Mlimani

Haya yalimpata rafiki yangu Milembe, askari wa misitu huku kwetu Bariadi. Mchana mmoja yeye na mwenzake Mboje walitumwa kubadilisha kufuli la kituo cha zamani cha misitu kule mlimani, nyumba ya mawe ya enzi za Mwingereza, iliyohamwa siku nyingi.

Walipofika, wingu zito lilifunika mlima, kukawa giza kama usiku. Mboje akaingia kufunga madirisha. Milembe alibaki kwenye pikipiki waliyokuja nayo, akasikia nyayo zake zikienda mbali kuliko urefu wa nyumba yenyewe. Baadaye Mboje akatoka, akafunga mlango kwa kufuli, akapanda nyuma yake bila neno.

"Mbona kimya, kaka?" Milembe aliuliza. Mikono ikamshika kiunoni.

Ghafla mlango ukagongwa kutoka ndani, kwa ngumi.

"Dada Milembe! Mbona umenifungia? Nifungulie!"

Ilikuwa sauti ya Mboje, na alikuwa analia. Milembe akataka kushuka. Mikono iliyomshika kiunoni ikamkaza, na sauti ileile ya Mboje ikamnong'oneza sikioni:

"Twende. Usimjibu."