Kidonda cha Mzee Mulenga

Posta ya Elisabethville, ndivyo Lubumbashi ilivyoitwa enzi hizo, ilijaa watu mpaka mlangoni. Kila mtu alitaka kupiga simu. Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi, noti mpya zimetoka, bendera mpya zimepandishwa, na watu walikuwa na hofu ambayo hawakutaka kuitaja. Basi walisukumana kwenye foleni, ili angalau wasikie sauti za ndugu zao wa mbali. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inauma masikio.

Kapinga alisimama katikati ya msongamano huo akiwa na gauni jeupe la kazi, sweta la buluu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na viatu vya turubai ambavyo vumbi jekundu lilikuwa limevishinda. Nywele zake alizisuka kwa uzi mweusi. Alipofika dirishani alimkuta kijana wa suti ya kijivu na tai nyembamba, masikio yamefunikwa kwa vyombo vya kusikilizia.

“Mademoiselle, unataka wapi?”

“Jadotville. Hospitali.”

“Mugonjwa ni nani?”

“Hakuna mugonjwa. Ni kazi. Unganisha waya, Monsieur.”

“Minaunganisha waya ya bantu tangu asubui, hakuna hata mumoja aliniambia asante. Weye utaniambia?”

“Unganisha kwanza, tutaona.”

Aliunganisha, kisha akafanya jambo ambalo mkubwa wake angemfukuzia kazi: alisikiliza. Alitarajia mambo ya mchumba au ya mazishi. Badala yake akasikia msichana anauliza habari za wazee. Wangapi huko wamepita miaka sabini na bado wanakwenda shambani? Nani anawapikia? Wale wasioweza kuinuka, nani anawageuza kitandani?

“Asante,” Kapinga alisema akirudisha simu.

“Ile bazee yote, ni ba nani kwako?”

“Weye unasikiliza maneno ya bantu?”

“Ya bantu, apana. Ya weye tu.”

Watu nyuma yake walianza kuguna. Kapinga alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaondoka akicheka. Kijana akawahi kumpigia kelele jina lake: Adrien Chola. Alikuwa na bahati, maana sweta lile la buluu lilikuwa na nembo ya hospitali, na hospitali ilikuwa na simu.

Ikaita kesho yake.

“Allô, niko na ugonjwa,” alisema Adrien.

“Unaumwa fashi gani?”

“Masikio. Tangu jana haisikie sauti muzuri.”

“Kunywa maji mingi, ulale.”

“Na kama haitapona?”

“Shi utakuja Samedi, saa ya kutoka kazi. Nitaiangalia.”

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi walitembea hadi mtaa wa Kamalondo, Adrien na bia yake ya Simba, Kapinga na limonadi, wakisikiliza magita na kutazamana kuliko ilivyo adabu. Kumpenda Adrien ilikuwa rahisi. Kilichokuwa kigumu ni mji wenyewe. Kapinga alizaliwa humo, lakini baba yake alitoka Kasai, na mwaka ule jambo hilo lilianza kumwandama mtu barabarani, maana watu wa Kasai walihesabiwa kuwa wageni na maadui wa nchi mpya. Kaka yake Désiré, mwuza vitambaa, alikuta duka lake limechorwa alama ya mkaa. Jumapili Adrien hakupatikana kamwe. Alikwenda kwa baba yake shambani, alisema, mzee anaumwa. Kapinga hakuchimba zaidi.

Kazi ya Kapinga nayo haikuwa ya kusimulia vilabuni. Alimsaidia Mademoiselle Léonie, muuguzi Mbelgiji mwenye miguu mirefu na subira fupi, aliyekuwa akichunguza wazee waliofanya kazi ya shaba tangu ujana. Alitaka kujua kwa nini mmoja anafika miaka themanini akilima mahindi yake mwenyewe, na mwenzake wa sitini haondoki kitandani. Léonie aliuliza, Kapinga alitafsiri, na palipokuwa na mgonjwa Kapinga alimtibu. Amri ilikuwa moja: mambo ya mgonjwa yanabaki kitandani pake. Usiyapeleke sokoni, usiyapeleke nyumbani.

Kila Jumanne walikwenda Kasungami, kijiji cha nje ya mji, kwa Mzee Mulenga. Mzee alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa akiezeka nyumba yake, kwa ubishi tu, maana watu walimkataza. Nyonga ilivunjika. Kwa kulalia upande mmoja muda mrefu akapata kidonda chini ya kiuno, kikubwa cha kuingiza ngumi. Dada yake Mwaba alimpikia, lakini dada hawezi kumwogesha kaka yake, na mke alikwisha kufa. Walipomkuta mara ya kwanza nyumba ilinuka kutoka mlangoni. Kapinga alimwosha, akamgeuza, akamsafisha nyama iliyooza, na mzee muda wote alikuwa anatukana kwa Kibemba huku akiomba radhi kwa Kiswahili.

“Mademoiselle anauliza kama unakulaka mboga, Tatu,” Kapinga alimwambia siku moja. Alimwita hivyo kama watu wa Kasai wanavyowaita baba zao.

“Mwambie minakula. Ye anafikiri mi nilifika mu buzee na kula nini, mawe?”

Walipendana, mzee na Kapinga. Mzee alimsengenya Mademoiselle mbele yake, na Kapinga alimtafsiria uongo wa heshima. Hata kidonda kilianza kupungua, kikaleta nyama nyekundu pembeni.

Ikawa Jumanne moja ya mwezi wa nane, mzee amelala ubavu, uchi tangu kiunoni kushuka, Kapinga anamkamulia maji ya chumvi, mzee akaanza kujisifu.

“Mutoto wangu Adrien iko na kazi kwa Posta. Anaongea na bantu ya mbali mu waya. Sasa amepata mwanamuke, anasema sauti yake tu njo ilimuangusha. Sijamuona bado.”

Kitambaa kilimtoka Kapinga mkononi kikaanguka ndani ya beseni. Hakuwahi kufikiri kwamba hao ni baba na mwana. Mtoto habebi jina la baba yake huku. Chola lilikuwa jina la babu.

Msomaji asiyetoka kwetu ataniuliza, kuna nini hapo? Kuna kila kitu. Mke wa mtoto wako ni mkwe. Hali nawe sahani moja, hakupi mkono, hakutanii, akikutana nawe njiani anainamisha macho. Kuona uchi wako ni jambo ambalo hata kulisema ni aibu, kwa watu wa Kasai na kwa watu wa Katanga sawasawa. Siku Adrien atakapopeleka zawadi ya kwanza ya posa kwa Désiré, aliyesimama mahali pa baba yao, Mzee Mulenga hataguswa tena na mikono ya Kapinga. Na kidonda kilikuwa bado hakijafunga. Kapinga aliwaona wengine wakifa kwa vidonda vya namna hiyo, kwa homa, siku mbili tatu tu baada ya kuachwa.

Aliamua peke yake, kama wafanyavyo watu wenye kiburi cha kazi yao. Atamponya mzee kwanza. Ndoa itangoja.

Lakini mwaka ule haukungoja mtu. Vijana wenye mapanga walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ametoka wapi. Mademoiselle Léonie alifunga masanduku akavuka mpaka kwenda Rhodesia. Watu wa Kasai kwa maelfu walikimbilia uwanja ulio karibu na askari wa Umoja wa Mataifa, wakajenga vibanda vya maboksi na magunia. Adrien alipiga simu hospitali, sauti yake kavu.

“Chérie, kesho minaenda kwa Désiré na kintu ya kwanza. Ukiwa muke yangu hakuna mutu atakugusa.”

“Ngoja kwanza.”

“Uliniambia ngoja mwezi uliopita.”

“Minajua. Kuko kintu moja inabakia. Ikiisha, nitakuambia ndiyo.”

“Kintu gani?”

Kapinga aliuma mdomo. Akimwambia, Adrien atamwambia baba yake, na mzee atajifunika blanketi mpaka kufa.

“Sema tu haunitake,” Adrien alisema. “Sema haukutaka muntu ya huku. Beye bantu ya Kasai munajionaka.”

“Adrien.”

“Njo vile bote banasema. Mi nilikuwa minabakatalia.”

Waya ukakatika, na aliyeukata ni Adrien. Alikaa mbele ya ubao wake wa simu na kumkasirikia kila mtu aliyeomba laini siku hiyo. Kapinga naye alilia chooni, akanawa uso, akarudi wodini. Jioni ile yeye na Désiré waliingia kambini na magodoro kichwani.

Siku chache baadaye vita vikafika mjini. Askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga walipigana mpaka ndani ya Posta, risasi zikatoboa kuta, simu zote zikafa. Kambini watu walizungumza jambo moja tu: kutafuta njia ya kurudi Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Désiré alisema usafiri ukipatikana wataondoka wote wawili. Kapinga hakubisha. Alikuwa na kazi moja tu kichwani: nani anamgeuza mzee?

Mapigano yalipotulia alivaa gauni lake jeupe, akaficha nywele chini ya kitambaa, akatoka na kikapu cha bendeji. Kwenye kizuizi cha barabara kijana mwenye macho mekundu alimsimamisha.

“Weye muntu ya wapi?”

“Ya hospitali.”

“Nimeuliza ya wapi.”

“Kuko muzee iko na kidonda kule Kasungami. Ukitaka kuja kuiosha, kuya. Inanuka.”

Kijana alitazama kikapu, akatazama gauni, akapisha. Kapinga alitembea bila kugeuka.

Alikuta shangazi Mwaba amejitahidi kwa uji na samaki, lakini kidonda kilikuwa kimelala na uchafu karibu wiki mbili, maana Jumanne moja ilipita bila Kapinga kuja. Alichemsha maji. Akafunua. Alikuwa amepiga magoti, mzee ameelekea ukutani, wakati mkeka wa mlangoni uliposogea na Adrien akaingia. Posta ilikuwa imefungwa; hakuwa na pa kwenda, akaja kwa baba yake.

“Kapinga?”

“Unamujua infirmière wangu, ule anaoshaka kidonda yangu?” mzee aliuliza.

“Baba, huyu njo ule mwanamuke nilikuambia. Wa telefone.”

Mkono wa Mzee Mulenga ulitafuta blanketi polepole, ukalivuta mpaka begani.

“Toka inje, mwana,” alimwambia Kapinga.

“Tatu, kidonda iko wazi. Sijafunga.”

“Toka.”

Walisimama uani kwenye jua kali, yeye na Adrien.

“Ulijua,” Adrien alisema.

“Nilijua.”

“Na haukuniambia.”

“Ningekuambia, leo baba yako angekuwa mu kaburi. Umeona vile amefanya? Mi nilitaka apone kwanza. Kisha nikuje mu nyumba yenu na macho chini, kama bake bengine. Njo ile tu nilikuwa minangoja. Minakupenda mpaka minajichukia, na weye unaniambia beye bantu ya Kasai.”

Adrien aliketi chini kwenye vumbi na suti yake. Maneno yake ya simu yalimrudia yote, na kila moja lilimuumiza.

“Unisamehe,” alisema. “Shi tuache. Nitamuambia baba hakuna ndoa, haitakuwako. Ingia umalize. Asikufe juu yetu.”

Kapinga alimtazama. Alikuwa amempenda kwa maskhara yake; sasa alimpenda kwa jambo zito zaidi, na ilimuuma zaidi.

“Adrien,” sauti ya mzee ilitoka ndani.

“Baba.”

“Uliza ule muntu iko naye pale. Kama ni infirmière, aingie amalize kazi yake, na wewe utatafuta muke fashi ingine. Kama ni mukwe, abakie nyuma ya mukeka. Mi sitamukasirikia kwa moja ao kwa ingine. Lakini ajibu mbiyo, maji inapoa.”

Shangazi Mwaba, aliyekuwa uani pamoja nao, aligeuza uso wake kando. Kapinga alisogea mpaka kwenye mkeka, akaushika ukingo. Akiuinua, mzee atapona kwa hakika, na yeye ataondoka na Désiré kwenda Kasai na moyo uliopasuka. Akiuacha, maisha ya mzee yatakuwa kwenye mikono ya mtu ambaye hajawahi kushika kitu isipokuwa waya. Aliitazama mikono ile. Ilikuwa mikavu, mirefu, na ilikuwa imetulia kuliko yake.

Akauachia mkeka.

“Adrien,” alisema, “enda nawa. Na sabuni. Mpaka kwa kiwiko.”

Adrien hakuelewa mara moja. Mzee ndani alielewa, akacheka kidogo huku akikohoa. Adrien akanawa, akaingia.

“Chukua kitambaa ya maji ya chumvi,” Kapinga alisema kutoka nje, paji la uso limegusa mkeka. “Usisugue. Bonyeza polepole. Unaona nini?”

“Ni nyekundu.”

“Nyekundu ya nyama, ao kuko nyeusi?”

“Nyeusi kiloko, kidogo tu pembeni. Katikati ni nyama.”

“Ile nyeusi itatoka na maji, usiivute. Sasa mugeuze. Muambie kwanza minakugeuza, ye haiko muzigo. Mukono moja chini ya bega, ingine chini ya kiuno. Weka muto nyuma yake.”

Kitanda kililia. Mzee aliguna, akatukana kwa Kibemba, kisha akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyepata nafuu.

“Adrien,” akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, “ambia muke yako mikono yake ilikuwa mwepesi kupita hii yako ya chuma.”

Kapinga alikuwa na jibu tayari, kama kila Jumanne. Lilifika ulimini. Akalimeza, maana mkwe hatanii. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa furaha na kwa msiba pamoja, kwa kuwa alimpata mume na kumpoteza mzee wake saa ileile.

“Adrien,” alisema, sauti haijatulia, “ambia baba nimesikia.”

“Baba, anasema amesikia.”

“Muzuri,” Mzee Mulenga alijibu. “Mwambie Mardi akuje tena, siku yake ileile. Atakaa palepale.”

Shangazi Mwaba akaenda jikoni, akarudi na kigoda, akakiweka nyuma ya mkeka.