Akiki Isiyo Nyekundu

Mwanatumu alikuwa akikuna nazi nyumbani kwake Chundwa. Kidoleni alivaa pete ya fedha ya marehemu nyanya yake. Jiwe la pete hiyo lilikuwa la kijivu, lenye mistari myeupe. Wiki hiyo angemvisha bintiye Hadia, aliyekuwa akiolewa.

Ghassan, mchuuzi wa pete, alipiga hodi. Aliitazama pete ile, akacheka.

"Bi Mwanatumu, akiki ni nyekundu. Hiki ni kioo. Nipe, nikupe yangu hii, mwana asiaibike."

Hadia aliinamisha kichwa. Kwao, ukitaja akiki, watu huona wekundu tu.

"Mama, tubadilishe," alisema.

Mwanatumu alikasirika kwelikweli. "Sitoi. Nyanya yangu hakuvaa kioo. Twende kwa sonara, sote watatu."

Majirani walikuwa wakisikiliza, kwa hiyo Ghassan alifuata shingo upande.

Sonara Athman aliigeuza pete. "Bi, umeivaa miaka mingapi?"

"Thalathini. Nimesugua masufuria kwa mchanga na jivu nikiwa nayo kidoleni."

"Basi tazama. Fedha imelika, jiwe lang'aa vile vile. Kioo kingekuwa kimechakaa zamani. Akiki ni ngumu kuliko kioo."

"Na rangi?" aliuliza Hadia.

"Akiki ina rangi nyingi, mwanangu. Kuna ya kijivu, nyeupe, nyeusi, hudhurungi. Wekundu waletwa na kutu ya chuma iliyo ndani ya jiwe. Usiamini rangi. Hata kioo hutiwa rangi."

Athman akatoa chupa tupu ya soda. "Bwana Ghassan, anza wewe."

Ghassan alisugua jiwe lake jekundu kwenye chupa. Liliteleza, likachubuka lenyewe. Ndani yake kulionekana kiputo cha hewa.

"Kiputo kama hicho ni cha kioo," alisema Athman.

Mwanatumu akasugua lake. Chupa ilikwaruzika, mstari mweupe. Jiwe halikudhurika.

"Nami niliuziwa hivyo," alisema Ghassan kwa sauti ndogo.

"Pole," alisema Mwanatumu. "Lakini una mato. Sasa umeona, usiende kuwaaibisha wana wa watu."

Siku ya harusi, wifi mmoja aliushika mkono wa Hadia mbele ya wanawake wote. "Akiki gani hii, haina hata wekundu?"

Safari hii Hadia hakuinamisha kichwa.

"Nileteeni chupa," alisema.