Ukungu Haukuja Ghafla

Wanzala alikutana na Adhis katika soko la Kawangware, Jumamosi yenye msongamano, Adhis akipima omena, vile vidagaa vikavu, kwa kopo, leso ya manjano kiunoni. Binti huyo akamtania kwamba omena si maua, asizitazame tu, anunue. Haikupita miezi minane wakawa wachumba, na Ouma, kaka yake Adhis, akamtafutia Wanzala kazi alikofanya yeye, ya kupakia mizigo kwenye ndege ndogo.

Kisha ndege mojawapo ikagonga mlima kwenye ukungu. Rubani akafa, na Ouma aliyesindikiza mzigo akafa.

Kwenye matanga, aliyemwona marehemu mwisho husimama akaeleza. Hivyo Jumapili alasiri, nyumbani kwa kina Ouma huko mtaa wa Raila, Kibera, watu wote walimgeukia Wanzala. Mwenye ndege alikuwa ameleta kreti kumi za soda na kuketi mbele, suti imenyooka, akipangusa machozi ambayo hayakuwapo. Unafiki wa namna hii unatia kichefuchefu.

Wanzala akasema ukungu ulikuja ghafla, ni mipango ya Mungu. Akaketi, akapewa soda, akainywa.

Adhis alijua huo ni uongo. Asubuhi ya ajali Ouma alimpigia simu, akamwambia milima haionekani, rubani amekataa kuruka, na tajiri wao, mwenye ndege, anamtukana mbele yao wote, Wanzala akiwepo. Adhis akamfuata mchumba wake nyuma ya nyumba.

"Umekunywa soda ya mtu ameua brathe yangu."

"Adhis, beb, nitafutwa job. Na arusi yetu?"

"Arusi gani? Naskia kinyaa nikikuona. Usiniguse."

Siku tatu Wanzala alipiga simu bila kujibiwa. Alhamisi, mwili ulipotolewa mochari usafirishwe nyumbani kwao Ugenya kwa mazishi, watu wakiwa bado kwenye maombi, aliomba kusema tena. Mwenye ndege alikuwepo, na suti ileile.

"Nilidanganya," akasema. "Ukungu ulikuwepo tangu alfajiri. Rubani alikataa. Huyu mzee akamwambia aruke ama asirudi kazini. Nilikuwa hapo, nimeshika mzigo."

Tajiri akainuka, akamwambia asikanyage tena kazini, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza. Mama Ouma alilia kwa sauti, na Wanzala akabaki peke yake kando ya ukuta, hajui aweke mikono wapi.

Adhis akamjia, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba.

"Bado naskia vibaya nikikuangalia."

"Najua."

"Mama anataka uyarudie hayo maneno kwa baba, nyumbani, kabla ya mazishi. Panda gari." Akakikaza kitambaa kichwani. "Ukimaliza, uniulize tena hiyo maneno ya arusi. Sijasema nitakubali."

Wanzala akapanda.