Chupa ya Bia ya Pilipili

"Frednand ndiye aliyeijaza chupa hiyo. Nilimwambia asubiri, hakusikia."

Renatus aliyasema hayo mbele ya mama yake, huku mkewe Speciosa ameketi chini, damu na bia ya pilipili vikimchuruzika usoni...

Jamani, ulikuwa uongo mtupu.

Renatus na mdogo wake Frednand walikuwa wakipika bia nyumbani, kule Mabawe, Ngara. Bia ya shayiri, rangi ya asali, imetiwa pilipili kichaa. Ukimeza koo linawaka, halafu unaomba nyingine. Mchongo ulishaanza kujibu.

Siku ile, aliyeonya ni Frednand.

"Kaka, pipa bado linatoa mapovu. Tukifunga chupa sasa zitapasuka."

"Harusi ya jirani ni kesho. Kama unaogopa, nenda."

Frednand akaondoka. Renatus akajaza chupa peke yake. Speciosa alipokuwa anazipanga, moja ikamlipukia usoni.

Frednand aliporudi alikuta keshasingiziwa, na hakubisha.

Mama akamwambia asikanyage tena pale. Frednand akaenda Bisibo, Biharamulo, kufanya vibarua vya shamba.

Huku nyuma Renatus akawa mtu wa kukosa usingizi. Kila alipomsafisha mkewe jicho, Speciosa alisema, "Asante, mume wangu." Neno lile lilimwasha kuliko pilipili.

Siku bandeji ilipotolewa, jicho liliona ukungu tu. Renatus akapiga magoti.

"Mke wangu... chupa nilijaza mimi."

"Najua. Nilikuwa jikoni, niliwasikia."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Speciosa akageuza uso.

"Mlipokuwa shamba niliionja bia pipani, nikaona pilipili imezidi. Nikamwaga sukari kwenye pipa. Ndiyo maana lilikuwa linachemka vile. Nikaogopa kusema."

Kumbe wote wawili walijua... na wote wawili walimwacha asiye na kosa afukuzwe.

Wakapanda gari hadi Bisibo. Walimkuta Frednand kwenye shamba la watu, jembe mkononi. Wakamweleza yote, huku wakilia.

Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Basi mmekosea njia. Rudini mkaanzie huko."

Akainama, akaendelea kulima.

Wewe unayesoma hapa, ukimchafua mtu mbele ya watu, usiende kumsafisha chemba.